Bata Waliogeuka Waridi

Tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, Chiriku alikuwa amesimama ukingoni mwa bwawa, mdomo wazi, neno hana. Anayemjua Chiriku anajua kwamba hiyo peke yake ilikuwa habari ya ukurasa wa mbele.

Majani yalitikisika. Akatoka bata wa kwanza. Akafuata wa pili. Kisha ukoo mzima ukajitokeza kwa maringo yake ya kila siku, makalio kushoto, makalio kulia.

Wote pinki.

Wala si pinki ya kubahatisha. Pinki ya keki ya harusi.

"Hawa ndio wale bata weupe ulionisifia kwenye simu?" aliuliza Bi Kizibo.

Kama ndiyo kwanza unaungana nasi, nikudokeze. Chiriku anaendesha kiwanda cha kutia rangi shuka na taulo alichoachiwa na marehemu baba yake. Zamani maji machafu ya kiwanda yalimwagwa kijitoni, na kijito kikawa kinavaa kila siku rangi yake, leo kijani, kesho zambarau. Chiriku alipokishika kiwanda akajenga matangi ya kuchuja. Sasa maji karibu yote yanarudi kazini, na machache yanayobaki yanapita kwenye bwawa la mwisho kabla hayajaingia kijitoni. Ndani ya bwawa hilo akafuga bata weupe pepe, wawe mashahidi wake. Ukitaka kujua kama maji ni safi, watazame bata.

Na leo, siku ya kesi, mashahidi walikuwa wamegeuka.

Bi Kizibo ndiye hakimu mwenyewe. Ananunua shuka kwa niaba ya mahoteli, tena mahoteli makubwa ambayo wageni wake huuliza hata sabuni imetoka wapi. Wafanyakazi walimbandika jina hilo asubuhi ile ile alipofika, kwa sababu mdomo wake ulikuwa mgumu kufunguka.

"Mimi nilisema," ilisikika sauti nyuma yao. "Nilisema, mkanicheka."

Alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake marehemu. Kiwandani walimwita Breki, maana hakuna jambo jipya lililowahi kumpita bila kusimamishwa kwanza. Alikuwa amejikunyata ndani ya koti, mikono mifukoni, akitikisa kichwa kama mtu aliyefiwa.

"Matangi! Mabomba! Machujio! Haya, matunda yake ndiyo haya. Bata wamepata ugonjwa wa rangi!"

Bi Kizibo alifunga mkoba wake. Kile kilio kidogo cha zipu kilimchoma Chiriku moyoni kuliko maneno yote.

"Nashukuru kwa chai," alisema mnunuzi, akageuka.

Ndipo ulimi wa Chiriku ulipozinduka.

"Mama, usiende! Niangalie!"

Akavua viatu. Akakunja sketi yake ya kukaribishia wageni. Kabla mtu hajamzuia, akajitosa bwawani hadi magotini.

"Ona vidole vyangu!"

"Vidole vyako vinanihusu nini?"

"Unaviona?"

Bi Kizibo alirudi hatua chache, akachungulia kwa shingo upande. "Naviona."

"Vina rangi gani?"

"Rangi ya matope."

"Ya matope!" Chiriku alipaza sauti kama aliyetunukiwa kombe. "Si ya pinki! Maji yangekuwa na rangi, ungeviona wapi?"

Bata mmoja, mpole kupita wenzake, alipita karibu. Chiriku alimdaka, akambeba kwapani, akambinua. Bata akalalamika kwa lugha yake.

Tumbo lilikuwa jeupe. Jeupe kama shuka mpya.

"Nakuuliza, mama. Bata anaogelea kwa tumbo au kwa mgongo?"

Bi Kizibo alimtazama bata, akayatazama maji, akamtazama tena bata. Pembe moja ya mdomo wake ilicheza kidogo.

"Endelea," alisema.

"Hawa hawakuogelea kwenye rangi. Wamemwagiwa, tena kwa juu." Chiriku aliinamisha pua mgongoni mwa bata, akanusa. Akanusa tena. Macho yakamtoka. "Mama, nusa."

"Mimi sinusi bata."

"Kidogo tu."

Naam, mnunuzi wa mahoteli, mwanamke aliyekwishawatoa jasho wenye viwanda wazito, aliinama ukingoni mwa bwawa akamnusa bata.

"Siki," alisema.

"Siki!" Chiriku alirukaruka majini. "Sisi tunatia rangi pamba, na pamba haina haja ya siki. Pamba inataka chumvi na magadi. Siki ni ya wanaotia rangi sufu. Ile rangi yao inapenda kitu kilichoota kwenye mwili wa kiumbe. Inashika manyoya. Inashika nywele."

Shingo zote ziligeuka ng'ambo ya kijito. Huko, bomba refu la kiwanda cha mablanketi lilikuwa linatema moshi mweusi kama kawaida yake. Kiwanda cha Bwana Moshi. Bwana Moshi ambaye tangu zamani anakitolea macho kiwanda cha Chiriku, na ambaye hutia rangi sufu kutwa kucha.

"Ni yeye!" Baba Mdogo alidakia. "Nimemwona kwa macho yangu haya, alfajiri, ananyata bandani kwa bata na birika mkononi!"

Chiriku alimgeukia.

"Baba Mdogo," Chiriku alisema taratibu, "sasa hivi ulisema ni ugonjwa wa rangi. Hilo birika umelitoa wapi?"

"Nimesema birika? Nilisema... nilisema chombo."

"Umesema birika," alithibitisha Bi Kizibo.

Chiriku alitoka majini, bata bado kwapani. Maji yalimchuruzika miguuni. Moyo wake haukutaka kwenda kule akili ilikokuwa inaelekea. Huyu ndiye aliyembeba mabegani akiwa mtoto, akamtembeza kati ya kamba za shuka zinazoanikwa ili aguse kila moja kwa kidole.

"Rangi inayoshika manyoya," alisema, "inashika na ngozi. Aliyewaogesha bata wangu ana mikono ya pinki. Jamani, tuonyeshane mikono."

Wafanyakazi waliokuwa wamejazana mlangoni waliinua mikono juu, wakicheka. Mpishi wa rangi akaonyesha yake ya bluu. Fundi wa boila yake nyeusi kwa masizi. Hata dereva wa Bi Kizibo alichomoa yake kwenye usukani.

Mikono ya Baba Mdogo ilizama zaidi mifukoni.

"Yako, Baba Mdogo."

"Nina baridi."

"Na jua hili?"

"Ni baridi ya ndani."

"Baba Mdogo, shika!"

Akamrusha bata.

Msomaji, mtu akirushiwa bata hana muda wa kufikiri. Mikono ya Baba Mdogo ilichomoka yenyewe, ikamdaka ndege kifuani. Na pale juani, mbele ya kiwanda kizima, ikaonekana: pinki vidoleni, pinki viganjani, pinki mpaka penye kifundo cha mkono.

Vicheko vilipasuka mlangoni. Mpishi wa rangi alikaa chini kabisa.

Chiriku hakucheka. Alisubiri Bi Kizibo acheke, basi mambo yaishe. Bi Kizibo naye hakucheka.

"Maji yako ni safi," alisema. "Nimeridhika. Lakini nyumba yako ndiyo ina uchafu. Nitaagizaje shuka kwenye kiwanda ambacho ami yako anakihujumu kwa birika? Leo bata. Kesho je? Shuka zangu?"

Akaanza kuelekea getini.

Hapo ndipo Chiriku alipoonja uchungu wa kweli. Kuumbuliwa na adui ni jambo moja. Kushinda kesi halafu hakimu akakukimbia ni jingine.

"Mama!" alimfuata mbio, miguu mitupu. "Geti lina njia mbili. Hii ya nje, na nyingine inayopita ndani ya kiwanda. Ya ndani ina kivuli. Nikusindikize kwa ya ndani, kisha ukitaka kwenda, nenda. Sitakushika nguo."

Bi Kizibo alilitazama jua. Jua halikuwa na huruma.

"Ya ndani," alisema.

Wakaingia. Ndani mvuke ulikuwa mwembamba, mashine zikinguruma kwa sauti moja, shuka za bluu ya bahari zikishuka kutoka juu na kujikunja zenyewe kwenye mikokoteni.

"Niambie ukweli," alisema mnunuzi, akitembea upesi. "Haya matangi ulijenga kwa kuwaonea samaki huruma?"

Chiriku alijua jibu zuri lilikuwa lipi. Alijua pia kwamba mwanamke huyu hanunuliki kwa jibu zuri.

"Hapana. Nilijenga kwa sababu ya boza."

"Boza gani?"

"Lile lori la kuleta maji. Kiangazi kijito kinakauka. Marehemu baba alikuwa anategemea maboza. Boza likichelewa, kitambaa kinabaki ndani ya rangi, kinatoka na mabaka. Tulipoteza mteja mkubwa kwa sababu ya boza lililopasuka gurudumu. Baba hakusimama tena vizuri baada ya pale." Alionyesha mabomba juu. "Sasa maji yale yale yanazunguka. Kiangazi kilichopita viwanda vyote vya kijito hiki vilifunga milango. Sisi tulifanya kazi. Mwenye boza siku hizi anapita kutusalimia tu."

Hatua za Bi Kizibo zilipungua kasi.

"Na hili bomba lililofungwa blanketi?"

"Maji ya kusuuzia yanatoka ya moto sana. Zamani tuliyamwaga na moto wake. Sasa yanapita ubavuni mwa maji baridi yanayoingia, yanayapasha joto njiani. Boila linapokea maji yaliyokwisha kupata uvuguvugu. Muulize fundi wake."

Fundi wa boila, aliyekuwa akipita na glasi ya chai, alitabasamu. "Zamani nilikuwa nachochea kuni mpaka mgongo unalia, mama. Siku hizi mke wangu ananiuliza kama bado nina kazi."

Walifika kwenye meza ndefu ya ukaguzi. Nyuma yake alikaa Shangazi, dada mkubwa wa marehemu, miwani puani, akipitisha shuka mbele ya macho yake kama hakimu anayepitia mafaili. Mjane kwa kujitangaza mwenyewe, kwani hakuna aliyewahi kumjua mumewe. Alikuwa hajanyanyuka kitini kwa ajili ya bata wala kwa ajili ya mgeni.

"Shikamoo, dada," Bi Kizibo alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwamkia mtu kwa hiari tangu afike.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemnusa bata?"

Mdomo wa Bi Kizibo ulicheza tena. "Ndiye."

"Pole. Lete mkono." Shangazi aliuchukua mkono wa mgeni, akaulaza juu ya shuka mbili. "Moja imetiwa rangi juzi, nyingine mwezi uliopita. Nionyeshe ipi ni ipi."

Bi Kizibo alizikagua. Alizisogeza dirishani. Alizikunja, akazikunjua.

"Sioni tofauti."

"Wala mimi. Zamani maji ya kijito yalikuwa leo na tope, kesho na mafuta ya wenzetu wa juu. Kila pipa lilizaa bluu yake. Nilikuwa natupa shuka mpaka naona aibu. Sasa maji yetu ni yale yale kila siku, na bluu ni ile ile. Macho yangu yanasinzia kwa kukosa kazi." Alivuta shuka nyingine. "Huyu mtoto wa kaka yangu ana maneno mengi mno. Lakini kitambaa chake hakisemi uongo."

Bi Kizibo alivuta kiti. Akaketi!

Katika biashara, mnunuzi aliyesimama ni mpita njia. Aliyeketi ana shida.

"Hoteli zangu zinataka bluu moja vyumba vyote," alisema mnunuzi. "Na zinataka shuka kiangazi, si visingizio. Nitaanza na mzigo wa majaribio. Nitachukua pia chupa ya maji ya bwawani nikayapime kwangu. Lakini nasikia kiwanda kina wenyewe watatu."

Kweli kabisa. Marehemu aliwaachia watatu: Chiriku, Baba Mdogo na Shangazi.

"Nataka wote watatu wakubali hapa, mbele yangu. Kuanzia yule wa birika."

Baba Mdogo aliitwa. Akaja na bata wake kifuani, maana hakuna aliyemwambia amweke chini.

"Kwa nini?" Chiriku alimuuliza. Lile swali alilipanga liwe kali, likatoka dogo.

Mzee alimpapasa bata kichwani.

"Moshi aliniahidi atanunua sehemu yangu mkipata aibu. Rangi alinipa yeye, na siki alinipa yeye. Akasema ni mzaha tu, mnunuzi ataondoka, wewe utachoka, tutauza, tutapumzika." Alimtazama Chiriku. "Mwanangu, mimi nilimwona kaka yangu akichakaa mbele ya mapipa haya. Kila ulipoleta bomba jipya niliona unajichimbia kaburi pale pale. Nikasema bora nikuharibie mapema, kabla kiwanda hakijakuharibu."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Ungesema," Chiriku alijibu.

"Wewe unampa mtu nafasi ya kusema?"

Hilo lilimpata. Chiriku alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya pili siku hiyo.

"Baba alichakaa kwa kungoja boza," alisema mwisho. "Mimi singoji boza. Jana nilifunga kazi jua likiwa bado juu. Hukuona?"

Baba Mdogo alifikiri kwa muda mrefu, kama kawaida yake. Kisha akaifuta mikono yake kotini, kitu ambacho hakikusaidia chochote.

"Niliona," alisema. "Nimekubali. Mzigo uende. Na Moshi akinifuata, nitamwambia sehemu yangu siiuzi hata kwa dawa."

"Na bata?" aliuliza Chiriku kwa ukali wa kulazimisha. "Utawasugua mpaka wawe weupe!"

"Asiwaguse!" Bi Kizibo alidakia, na hapo, mabibi na mabwana, kizibo kikafyatuka. Alicheka. Alicheka mpaka miwani ya Shangazi ikatetemeka mezani. "Nawataka hivyo hivyo. Nitawapiga picha. Bata ameogeshwa rangi mgongoni, tumbo limebaki jeupe kwa sababu maji ni safi! Wageni wangu watalisimulia hili kuliko mimi nitakavyoweza kutangaza."

Chiriku alimkumbatia ami yake, bata katikati. Fundi wa boila alipiga kelele kumwita mpishi wa rangi. Palibaki mmoja tu wa kukubali.

"Shangazi?"

Shangazi alifungua kinywa.

Mlango ukagongwa.

Aliingia mwanamume mrefu, suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kukata, viatu vinang'aa, manukato yakimtangulia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakunuka moshi.

Bwana Moshi!

Baba Mdogo alijificha nyuma ya bata. "Siuzi!" alipiga kelele. "Nimeshasema siuzi!"

"Baki nayo," alijibu Bwana Moshi kwa upole uliomtisha Chiriku kuliko matusi. "Sehemu yako sina haja nayo tena." Akarekebisha tai. "Nimekuja kwa jambo la heri. Nataka kumwoa dada yako huyu."

Mashine zilinguruma.

Akili ya Chiriku ilipiga mbio. Kakosa mlango, sasa anapitia dirishani! Mume wa Shangazi atakaa kwenye meza hii hii. Atayagusa matangi. Atayasemea maji, yeye ambaye kila kiangazi kiwanda chake kinakauka koo. Na Shangazi hajasema ndiyo kwa mzigo wa Bi Kizibo!

"Shangazi, usimsikilize! Huyu hakutaki wewe, anataka maji yetu!"

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka, akaivaa tena. Akamkagua mgeni kuanzia viatu mpaka utosini, polepole, kama anavyokagua kitambaa chenye kasoro aliyokwisha kuiona zamani. Na Bwana Moshi, mbabe wa kijito kizima, akaanza kutokwa na jasho.

"Kwani wewe mwanamume," alisema Shangazi, "utanioa mara ngapi?"